Kopo Tupu na Vipande Vinne vya Tete

Kwetu Misunkumilo, miaka ile ya sabini, mwenye kopo nilikuwa mimi. Naanza na hilo kwa sababu kaka yangu mpaka leo akisimulia hujitia kwamba yeye ndiye aliyeubuni ule mchezo. Uongo mtupu. Yeye alipasua matete tu. Kopo lilikuwa langu, kanuni zilikuwa zangu, na hofu iliyotupata baadaye, sehemu yake kubwa ilikuwa yangu pia.

Tulikuwa watoto watatu. Kaka alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na mmoja, mdogo wetu wa kike minane. Kila msimu wa mavuno mama alianika mpunga uani juu ya jamvi, na sisi tukitoka shule kazi yetu ilikuwa kukaa pembeni kuwafukuza kuku mpaka jua lipungue. Ni kazi inayochosha kuliko kulima. Kuku hana aibu. Umemfukuza huku, anazunguka nyumba na kutokea kule, anatembea polepole na kujifanya ana safari zake nyingine. Mtu anayekaa saa tatu akimtazama kuku lazima atafute la kufanya.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Warina asali wawili wameingia porini, na huko porini kuna kitu. Kitu hicho kimevunja mizinga, au kimechukua mbwa, au kimezima moto wa kambi. Kaka na mdogo wangu walikuwa warina asali. Mimi nilikuwa pori. Nilikuwa pia kitu chenyewe, na njia, na mvua, na ndege anayelia kabla ya jambo baya. Kabla hatujaanza nilikwenda nyuma ya nyumba nikatia ndani ya kopo la maziwa ishara ya hicho kitu: unyoya kama ni ndege, mkaa kama ni mtu aliyekufa kwa moto, jino la mbuzi kama ni fisi. Nikalifunika na kuliweka kando ya jamvi, mbele ya macho ya wote. Kanuni hiyo niliitunga baada ya kaka kunishutumu kwamba nabadilisha mnyama kila akikaribia kumuua. Alikuwa anasema kweli, ila sikumpa raha ya kujua.

Kulikuwa na mawe matano ya jua. Kila swali waliloniuliza kuhusu kile kitu, jiwe moja liliondoka. Mawe yakiisha, giza limeingia na wao bado wako porini. Jibu langu likiwapa alama, waliihesabu. Na kulikuwa na vipande vinne vya tete, matete mawili yaliyopasuliwa katikati, kila kipande kina tumbo jeupe na mgongo unaong'aa. Hivyo vilirushwa mrina asali alipotaka kurusha mkuki. Ukirusha mkuki bila alama hata moja, ni lazima matumbo yote manne yatazame juu. Kila alama uliyoisoma sawasawa inakupunguzia tumbo moja. Migongo minne ni kifo, uwe na alama au usiwe nazo. Na kipande kikiegemea kitu, hakijalala, vyote vinarushwa upya.

Mnaona jinsi nilivyofikiri? Nilikuwa nimeshajua kwamba hawa wawili siwezi kuwalisha chungu kimoja. Kaka alitaka mkuki tu. Kabla sijamaliza kusema majani yametikisika, yeye ameshasimama, ameshapiga kelele, ameshaua. Mdogo wangu alitaka kujua. Aliuliza kwa sauti ndogo, magoti yamekunjwa kifuani: nyayo zina vidole vingapi, dada? Damu ni mbichi au imekauka? Mbwa alibweka au alinyamaza tu? Maswali yake yalinitisha mimi mwenyewe niliyekuwa nayatungia majibu. Nikitisha sana, yeye anakimbilia jikoni kwa mama na mchezo umekufa. Nikilegeza, kaka anapiga miayo na kuanza kurushia kuku mawe. Kutwa nzima nilikuwa napima, leo hofu imezidi, kesho mikuki imezidi, kama mpishi mwenye walaji wawili na pilipili moja.

Hadithi zote nilizipata kwa baba. Sisi ni Wakonongo, na baba alikuwa mrina asali kama baba yake. Alichonga mizinga ya magome ya mti uitwao mtundu, akaitundika mbali kabisa katika pori la miombo, na kila msimu aliondoka na mwenzake mmoja, jirani yetu, wakisukuma baiskeli zenye madebe matupu. Aliporudi alinukia moshi na nta. Alikaa uani akasimulia, sisi tukitafuna masega na kutema nta, na hakukuwa na mtu duniani niliyempenda kuliko huyo.

Mrina asali akiwa porini, nyumba yake nayo iko porini. Ndivyo mama alivyotufundisha. Kwa siku zote hizo nyumbani hakuna ugomvi. Moto hautolewi kwenda kwa jirani, hata kaa moja. Na mnyama yule mwenye manyoya shingoni hatajwi kwa jina. Tulimwita mwenye pori. Kosa la nyumbani linamfuata mtu huko aliko, nyuki wanakuwa wakali, miguu inapotea njia. Mama hakuyasema haya kwa kututisha. Aliyasema kama anavyokwambia ufunike maji ya kunywa.

Kabla ya kuondoka baba alifunga mafundo kwenye kamba ya gome, fundo moja kwa kila siku atakayokuwa mbali, akaitundika kwenye mwimo wa mlango. Kila asubuhi mama alifungua fundo moja. Mwaka huo yalikuwa mafundo ishirini na manne.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwangu. Usiku mmoja kabla ya safari, tukiwa tunakula, baba alimwambia kaka, "Mwakani utakuja na mimi." Kaka alivimba kichwa pale pale. Nikasema, "Na mimi?" Baba akacheka. Hakucheka vibaya, alicheka kama mtu aliyefurahishwa na mtoto. Akaniambia, "Wewe mama, utabaki kulinda kamba." Nilikuwa najua majina ya miti kuliko kaka. Nilikuwa najua mzinga unatundikwa uelekee wapi na moshi wa majani gani unawalaza nyuki. Nilikula ugali wangu mpaka mwisho, nikaosha vyombo, na hasira ikakaa mahali pake kama jiwe chini ya mtungi.

Mafundo yalikuwa yamebaki tisa siku kaka alipokataa kucheza.

"Hadithi yako siku hizi haitishi hata kuku," alisema. "Warina asali gani hao, hata majina hawana."

"Basi chagua unayemtaka."

"Mimi ni baba," akasema.

Mdogo wangu alinitazama. Alijua. Mimi pia nilijua. Lakini nilikuwa pia mtu niliyeambiwa mbele ya kuku kwamba hadithi yangu haitishi, na nilikuwa na kiburi. Nikachukua kopo nikaenda nyuma ya nyumba.

Huko nilisimama muda mrefu. Niliokota jino la mbuzi, nikaliacha. Niliokota manyoya ya mbwa, nikayaacha. Kila nilichokishika nilikiona kikimfikia baba, na sikuweza. Hatimaye nikalifunika kopo likiwa tupu, nikarudi nalo, nikaliweka mahali pake nikiwa nimekaza uso.

Nikaanza. Sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile, na ninasema hivi kwa aibu. Nilimweka baba kambini alasiri, madebe mawili yamejaa. Ndege wamenyamaza. Nyuki wametoka mzingani wote pamoja na hawakuruka, walitembea chini kwa miguu kama siafu. Mdogo wangu aliziba masikio akayazibua. Hata kaka alimeza mate, na aliponiona nimemwona anameza, akakasirika.

"Uliza, kaka," mdogo wangu alimnong'oneza. "Uliza nyayo."

"Baba haulizi," kaka alisema. "Baba anarusha." Akavirusha vipande vya tete.

Vitatu vililala migongo juu. Cha nne kiliegemea ukingo wa jamvi, kimesimama upande, si tumbo si mgongo. Wakati huo huo kuku jike mwekundu aliingia kwenye mpunga upande wa pili, na wote wawili waligeuka kumfukuza.

Nilikisukuma kwa ukucha. Ilikuwa kazi ya mara moja tu. Kikalala mgongo juu pamoja na wenzake.

Walipogeuka wakaiona migongo minne. Mdogo wangu akaanza kutikisa kichwa. "Si kweli, dada. Sema si kweli."

"Kanuni ni kanuni," nikasema. Kisha nikasema maneno ambayo ningetoa kidole hiki kuyarudisha. "Baba hajarudi."

Kaka alinipiga kofi. Nikamng'ata mkono. Tuliviringishana juu ya mpunga wa mama mpaka akatoka jikoni na mwiko, akatutenganisha, akatazama mpunga uliomwagika, akatutazama sisi. Hakuuliza chanzo. Alisema tu, "Na baba yenu yuko porini," akakaa chini akaanza kuokota punje moja moja kwenye mchanga.

Tangu siku hiyo sikucheza tena. Kopo na matete niliyachomeka kwenye paa la jiko, ndani ya nyasi. Tuliishi sisi watatu na siri yetu, na mimi niliishi na yangu peke yangu. Asubuhi mama akifungua fundo nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mafundo nane. Saba. Nilijiambia ni matete tu, ni ya mto, tumekata wenyewe. Nikiwa shuleni nilijiambia hivyo na niliamini. Nikikaribia nyumbani, nikiuona mwimo wa mlango, niliacha kuamini.

Fundo la mwisho lilifunguliwa siku ya Jumapili. Mama alipika wali. Baba hakuja.

Siku ya pili mama aliacha kamba imening'inia pale pale, imenyooka, haina kitu. Siku ya tatu alifagia uwanja mara mbili. Mdogo wangu alianza kula nusu ya chakula chake na kuniletea nusu, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Kaka alikuwa akinoa panga ambalo halikuwa na kazi.

Siku ya tano nikaenda stesheni. Kulikuwa na mzee wa Kiislamu mwenye duka karibu na reli, aliyenunua asali na nta kwa warina asali wote wa upande wetu, na mtu yeyote aliyetoka porini lazima apitie kwake. Nilikwenda kufanya alichokuwa akifanya mdogo wangu: kuuliza.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Mama hajambo?"

"Hajambo. Baba bado."

Mzee aliacha kupima sukari. Mlangoni alikuwa ameketi mrina asali mmoja, miguu yake bado ina vumbi la njia, na mzee alimtazama huyo badala ya kunitazama mimi.

"Tulipita kambini kwao," yule mtu alisema. Alisema polepole, kama anayetamani ningekuwa mtu mzima. "Moto umekufa siku nyingi. Baiskeli zipo. Madebe mawili yamejaa, yamefunikwa vizuri. Mkuki umechomekwa chini, wima."

"Asali imeliwa?"

"Haijaguswa. Hata sisimizi hakuwemo." Alijipangusa mdomo. "Hilo ndilo lililotuondoa pale haraka."

Nikauliza lililobaki. "Na nyayo?"

"Nyayo za nini?"

"Zozote."

"Huyu mtoto anauliza kama mzee wa baraza," alimwambia mwenye duka, na hakucheka. "Hakukuwa na nyayo, mama. Hata za kwao wenyewe sikuziona."

Mzee alinipa pipi. Niliishika mpaka nyumbani, na njiani ikayeyuka mkononi. Katika mchezo wangu alama zilikuwa zinampunguzia mtu hatari. Nilikuwa nimezipata nyingi, madebe, mkuki, sisimizi, na hakuna iliyonipunguzia chochote. Kila moja ililifaa kopo lile tupu. Ningekuwa nimetia jino la fisi, niliwaza, angekutana na fisi, na fisi baba anamjua. Mimi nilikuwa nimempelekea kitu kisichokuwa na jina. Nilitapika kando ya njia, karibu na shamba la watu, nikajifuta kwa majani.

Siku ya saba, asubuhi, kaka alishusha mkuki wa zamani wa babu kutoka darini. Alikuwa amefunga ugali kwenye kitambaa.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kumtafuta."

"Hujui njia."

"Wewe unaijua, siyo? Wewe si ndiye pori?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye niliyerusha. Acha niende."

Alikuwa amebeba mzigo wangu, mjinga yule. Siku zote hizo alidhani mkono wake ndio ulioua. Nilifungua mdomo nimwambie kuhusu ukucha, na mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo. Mdogo wangu ndiye aliyejitupa chini akamshika mguu kwa mikono yote miwili, akapiga yowe lililomtoa mama shambani nyuma ya nyumba. Aliburutwa hatua tano, sita, na hakuachia. Mama alipofika, mtoto yule alitoa yote kwa pumzi moja: mchezo, baba, migongo minne, maneno niliyosema, kofi.

Nilisubiri mwiko. Mama aliketi kizingitini.

"Kopo lilikuwa na nini?" aliniuliza.

"Halikuwa na kitu."

Mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji, akatupanga mlangoni tuelekee upande alikoondokea baba. Kwetu watu waliogombana, na mmoja wao yuko hatarini, husema kilichowakaa moyoni, hutia maji mdomoni, kisha huyapuliza yatoke nacho. Ukibakiza neno, kazi ni bure.

Mama alianza mwenyewe. Alisema alimkasirikia mumewe kwa kuondoka kabla ya kuziba paa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mama naye anakasirika. Akapuliza. Kaka alisema alinidharau, na alijisifu kwa kuchaguliwa na baba. Akapuliza. Mdogo wangu alisema alitamani sisi wawili tufe ili ugomvi wetu uishe, akaanza kulia na maji yakamtoka puani.

Nikaja mimi. Nilisema baba alinicheka. Nilisema nilikuwa na hasira. Nilisema nililiacha kopo tupu kwa kuogopa. Neno la ukucha lilifika kwenye meno. Nikamwona kaka amesimama pale na mkuki wa babu mkononi, macho mekundu, na nikajua nikilisema atanichukia maisha yake yote. Nikatia maji mdomoni. Yalikaa humo muda mrefu. Nilipopuliza, mengine yalitoka, mengine niliyameza.

Hakuna aliyeona. Niliyasikia yakishuka baridi mpaka tumboni.

Siku ya tisa, jua likiwa limepanda, tuliwaona watu wawili wakija kwa njia ya Ilembo, upande ambao mtu atokaye pori la baba hawezi kutokea. Walishikana mikono kama watoto wa shule. Mmoja alikuwa jirani yetu, ana homa, anaongozwa. Mwingine alikuwa baba. Hakuwa na mkuki, hakuwa na baiskeli, na shati lilimning'inia kama limeanikwa juu ya mti. Mama alipiga kigelegele kilichokatikia katikati. Sisi tulikimbia, kisha tukapunguza mwendo, kwa sababu baba alikuwa akitutazama kana kwamba anatuhesabu na hesabu haikubali.

Watu walijaa uani. Walimwuliza, akasema, "Mwenye pori." Wakatikisa vichwa, wakatoa pole, wakaenda zao. Jirani akapona homa, lakini hakupenda kuulizwa. Baba alikaa. Alikaa mgongo umegusa ukuta, kutwa nzima, na jua likiuacha ukuta huo alihama na kutafuta ukuta mwingine. Aliyelala porini misimu ishirini sasa hakwenda nyuma ya nyumba bila kumwita kaka amsindikize. Mama alimpikia, alikula kidogo. Alimletea asali iliyobaki ya mwaka jana, akaisukumia mbali kwa mgongo wa mkono.

"Mwili umerudi," nilimsikia mama akimwambia mke wa jirani, wakiwa wanatwanga. "Mwenyewe hajarudi."

Mnielewe: kumwona baba anaogopa kulinitisha kuliko kumkosa. Mtu akikosekana unaweza kumwazia yuko mahali. Huyu alikuwa mbele yangu, na nilijua kwa nini hajafika. Maji yale yalikuwa bado tumboni mwangu.

Siku moja tulikuwa tumeanika mpunga wa mwisho. Baba alikuwa ameletewa kigoda karibu na jamvi, mgongo ukutani. Sisi watatu tulikaa pembeni, kila mmoja na kijiti chake cha kufukuzia kuku.

"Mbona hamchezi?" baba aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu arudi.

Kaka alitazama chini. Mdogo wangu, ambaye hakuweza kushika siri kama vile kikapu kisivyoweza kushika maji, akasema, "Tulikuua, baba."

Hakucheka. Alisema, "Nionyesheni."

Nilikwenda jikoni nikachomoa kopo na matete kwenye nyasi za paa. Nikavileta mbele yake. Mdogo wangu ndiye aliyemweleza mawe ya jua na alama na matumbo na migongo, na baba alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akachukua kopo akalifunua. Akatazama ndani. Alitazama muda mrefu kuliko inavyochukua kuona kwamba kopo ni tupu.

"Ilikuwa hivi hivi?" akaniuliza. "Hamkutia kitu?"

"Sikutia, baba."

Alilifunika kwa kiganja, taratibu. "Nyayo mliziuliza?"

"Sikuuliza," kaka alisema.

"Mimi niliuliza," baba akasema. "Kila asubuhi nilitafuta. Kitu kilizunguka kambi jioni nne, tunakisikia, karibu kama nyie hapo. Asubuhi hakuna unyayo, hakuna jani lililovunjika. Mwenzangu alichukua mkuki akasema anakifuata. Nikamshika mguu. Alinipiga, akanitukana, sikumwachia mpaka kukapambazuka. Ndipo tukaacha kila kitu tukaondoka, na njia ikatupotea." Alivuta pumzi. "Watu nimewaambia ni mwenye pori. Ningewaambia nini?"

Kaka alikuwa amefungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa akimwazia baba na mkuki mkononi, na baba alikuwa ameshika mguu wa mtu.

Hapo ndipo nilipolisema. Sikupanga. Nilisema kwamba migongo ilikuwa mitatu, si minne. Nilisema kuku alikuja, wakageuka, na mimi nikakisukuma kwa ukucha. Nilisema maji niliyameza. Nilimwambia baba, lakini nilikuwa namtazama kaka, na kaka alinitazama, uso wake ukabadilika mara tatu. Mdogo wangu alianza kulia kimya kimya.

Baba aliteremka kutoka kwenye kigoda. Ilikuwa mara ya kwanza mgongo wake kuacha ukuta bila kutafuta mwingine. Alipiga magoti kando ya jamvi, akapanga vipande vitatu migongo juu, na cha nne akakiegemeza kwenye ukingo.

"Hivi?"

"Ndiyo, baba."

Alikitazama kile kipande. Alinyoosha kidole, ukucha wake mweusi kwa gome na moshi wa miaka yote, akakigusa. Kikaanguka, tumbo jeupe likatazama juu.

"Haya," alisema. "Sasa nimerudi."

Kisha akabaki vile vile, amepiga magoti, mgongo wazi kwa uwanja wote. Yule kuku mwekundu alikuwa ameingia kwenye mpunga, anakula, na hakuna aliyemfukuza.